Mtoto wa Mbwa wa Mashindano Hutafutwa Jirani

Mtu anayetaka mbwa wa michezo, yaani mbwa wa kufundishwa kufuata nyayo, kutafuta vitu kwa pua, kuruka viunzi na kutii amri katikati ya kelele za watu, huanza karibu kila mara na swali la mbegu. Anauliza ni mbwa wa aina gani, anauzwa wapi na kwa bei gani. Kwa mkazi wa nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Manyovu mpakani mwa Burundi hadi Kasulu na Kibondo, jibu la swali hilo humpeleka mbali: atafutwe mbwa mchungaji wa Kijerumani Dar es Salaam au Arusha, au Malinois wa Ubelgiji Nairobi, atiwe kwenye boksi, asafirishwe. Makala hii inatetea njia nyingine. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 60 unaonyesha kwamba tabia ambazo mchezo unazitegemea hujengeka kwa sehemu kubwa kati ya wiki ya 3 na wiki ya 14 ya uhai wa mbwa, na zikishapita wiki hizo hakuna mwalimu anayeweza kuzirudisha zote. Basi maandalizi ya kweli ni kuzisimamia wiki hizo, na anayeweza kuzisimamia ni yule ambaye mtoto wa mbwa amezaliwa karibu naye, kwa mama anayemfahamu, akaingia katika nyumba iliyokwisha kujipanga. Mbegu ina uzito wake na nitaufikia, ila uzito huo uko nyuma ya ukaribu.

Wapo watakaouliza michezo ya mbwa inamhusu nini mtu wa Buha, nchi hii ya Waha. Michezo hii ilizaliwa na kazi. Chama cha wafugaji wa mbwa wachungaji wa Kijerumani kilianzishwa mwaka 1899, na muda si mrefu kikaweka mtihani wa kufuata nyayo, utii na ulinzi ili kujua madume na majike gani wanafaa kuzalishwa. Mtihani ule ndio mchezo unaoshindaniwa leo katika nchi nyingi. Kuruka viunzi kulikuja baadaye sana, mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa ya Crufts jijini London, kwa kuigiza mashindano ya farasi wanaoruka vizuizi. Mbwa anayefaulu katika kufuata nyayo ana sifa zilezile zinazotafutwa na Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, na wanaokagua mizigo katika bandari ya Dar es Salaam ili kunasa pembe za ndovu, na kitengo cha mbwa cha Grumeti kilichoanza mwaka 2018 magharibi mwa Serengeti. Tena katika michezo yote, kufuata nyayo ndio mchezo unaoifaa zaidi Manyovu. Unadai kamba ya mita 10, mkanda wa kifuani, vipande vidogo vya nyama na shamba lililokwisha kuvunwa. Asubuhi ya mlimani yenye umande na ubaridi huishikilia harufu ardhini muda mrefu kuliko udongo mkavu uliochomwa na jua. Uwanja, kwa maneno mengine, upo tayari. Kinachokosekana ni mbwa aliyeandaliwa.

Ushahidi wa zile wiki unaanzia Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, ambako John Paul Scott na John Fuller waliwalea na kuwapima watoto wa mbwa wa aina tano kwa karibu miaka 20, wakachapisha matokeo yao mwaka 1965. Waligundua kwamba kuanzia wiki ya 3, macho na masikio yanapokuwa yamefunguka, mtoto wa mbwa anaanza kuandika akilini mwake nani ni mwenzake na kitu gani ni cha kawaida duniani. Mlango huo huanza kufungwa kuelekea wiki ya 12. Mwaka 1961, katika utafiti uliotoka kwenye maabara hiyohiyo, watoto wa mbwa walilelewa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio mrefu bila kukutana na binadamu, wakatolewa kwa zamu katika umri tofauti. Waliotolewa mapema walizoea watu baada ya siku chache. Waliobaki hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na juhudi zilizofuata hazikuwageuza kikamilifu. Katika zile aina tano za Scott na Fuller mmoja alikuwa basenji, mbwa wa Kongo, ambaye kwa umbo na mwenendo anafanana sana na mbwa wa kienyeji wa ukanda huu wa Maziwa Makuu. Watoto wa basenji walionekana waoga zaidi mwanzoni, wakikimbia mkono wa mtu, lakini waliposhikwashikwa kila siku woga uliwatoka upesi. Kwa msomaji wa Kasulu hilo ni jambo la kutia moyo sana, maana mbwa wengi tunaowaita waoga au wakorofi kwa asili ni mbwa ambao hakuna aliyewashika walipokuwa na umri wa wiki tano.

Kwa mbwa wa kazi ushahidi unakaza zaidi. Katika shule ya mbwa wa kuongoza vipofu ya San Rafael, California, Clarence Pfaffenberger aliona kwamba watoto waliofaulu majaribio yote, kisha wakaachwa bandani baada ya wiki ya 12 bila kupelekwa kwenye nyumba za watu, walianguka katika mafunzo ya ukubwani, na kadiri walivyochelewa bandani ndivyo walivyoanguka kwa wingi. Afrika Kusini, katika kituo cha mbwa wa polisi, Slabbert na Rasa walichapisha mwaka 1997 jambo ambalo kila mfugaji angepaswa kulijua. Watoto walioruhusiwa kumtazama mama yao akitafuta dawa za kulevya, wakiwa na umri wa kati ya wiki 6 na 12, walipopimwa kazi hiyohiyo wakiwa na miezi 6 waliwazidi wenzao ambao mama zao hawakufanya kazi mbele yao. Hawakufundishwa kwa amri. Walitazama tu.

Na hapa nyumbani tuna shule ambayo imeuthibitisha msingi huu kwa mnyama mwingine kabisa. Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye pia vimelea vya kifua kikuu. Panya huanza kushikwa na watu mara macho yanapofunguka, wakiwa na umri wa wiki chache. Hubebwa, hupelekwa kwenye nyasi na kwenye saruji, huzoeshwa sauti za magari na za watu, ndipo wafundishwe kwamba mlio wa kidude cha kubofya maana yake chakula kinakuja. Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa Morogoro na akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kufichua mabomu Kambodia, hakuagizwa kutoka ng'ambo. Ni panya wa Afrika, amezalishwa palepale shuleni, na waliomlea walimshika tangu utotoni. Nauona mfano huo kuwa na nguvu kuliko wa mbwa wowote walioletwa kwa ndege, kwa sababu unatuonyesha Watanzania wakitoa mnyama wa kiwango cha dunia kwa kuimiliki hatua ya kwanza ya malezi yake.

Tuirudishe hoja Manyovu. Jike wa kijijini huzaa chini ya ghala, nyuma ya jiko au kwenye shimo alilochimba pembeni mwa kihamba cha kahawa. Mara nyingi watoto wake hawaguswi hadi waanze kutoka wenyewe, kisha hugawiwa wakiwa na wiki nne au tano, mwenye nyumba akitaka kupunguza midomo. Hapo mambo mawili yanaharibika pamoja: wanachelewa kushikwa na watu, na wanaondolewa mapema kwa mama na ndugu zao, ambao ndio huwafundisha kuuma kwa kiasi na kusoma ishara za mbwa wengine. Umri unaofaa kuondoka ni kati ya wiki 7 na 8. Kwa hiyo anayetaka mtoto wa mbwa wa michezo aanze mazungumzo na mwenye jike kabla jike hajapandwa. Mimba ya mbwa ni kama siku 63, muda unaotosha kukubaliana. Aseme wazi kwamba anataka mtoto wa wiki 8, kwamba atagharamia dawa ya minyoo ya watoto wote, na kwamba angependa kufika mara kwa mara. Katika ziara hizo amtazame mama kuliko watoto. Je, mgeni akipiga hodi jike anatoka kumkabili na kisha kutulia anaposemeshwa na mwenyewe, au anajificha akibweka toka nyuma ya nyumba? Anafuata watu shambani kilometa kadhaa na kurudi ana nguvu? Akitupiwa mfupa kwenye majani marefu, anautafuta kwa pua mpaka aupate, au anakata tamaa mapema? Jike mwenye majibu mazuri ana thamani kuliko cheti, kwa sababu majibu hayo yameonekana katika mazingira yaleyale ambamo mtoto wake ataishi.

Kati ya wiki ya 3 na ya 8 kazi yenyewe ni ndogo na ni ya kila siku. Mtoto mmoja mmoja anyanyuliwe kwa dakika chache mbali na wenzake, akanyagishwe bati, gunia, changarawe, majani yenye umande. Aguswe masikio, kucha na mdomo, kama atakavyoguswa na daktari. Asikie sufuria ikianguka, pikipiki ikiwashwa, mashine ya kusaga, mbuzi, watoto wanaotoka shule. Atupiwe kitambaa kilichofungwa fundo na kuachwa akivute. Ashikwe na wanaume, wanawake, wazee wenye fimbo na watu waliovaa makoti ya mvua, maana mbwa aliyeona wanaume wawili tu hadi wiki ya 12 ataogopa majaji na umati. Haya yote yanawezekana kwa mtu anayeishi mwendo wa miguu kutoka kwa jike. Hayawezekani kwa mnunuzi ambaye mtoto wake yuko zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, ambaye hajui boksi lilikaa wapi usiku wala nani alimshika, na ambaye mbwa wake anaifanya safari ya kutisha kuliko zote za maisha yake akiwa na wiki nane, umri ambao woga hupigwa muhuri kwa urahisi.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya damu, nayo ni nzito. Watu watasema kwamba mashindano ya dunia yamejaa Malinois na wachungaji wa Kijerumani, na kwamba vizazi zaidi ya 20 vya kuchagua haviwezi kufidiwa kwa kumshikashika mtoto wa mbwa koko. Nakubali sehemu yake. Hamu ya kukimbiza, kushika na kutochoka hurithiwa, na anayelenga ubingwa wa Ulaya atahitaji damu hiyo. Lakini mnunuzi wa mbali hununua nini hasa? Hununua mtoto mmoja, mara nyingi bila kuwaona wazazi, akitegemea jina la aina yake. Ndani ya aina moja tofauti kati ya mbwa na mbwa ni kubwa. Wilsson na Sundgren, waliowapima watoto wa wachungaji wa Kijerumani nchini Uswidi wakiwa na wiki 8, walionyesha mwaka 1998 kwamba alama za umri huo hazikulingana na jinsi mbwa haohao walivyofanya kazi ukubwani. Jaribio moja ndilo lililoonyesha dalili njema katika kituo cha polisi Afrika Kusini: mtoto wa wiki 8 anayekimbilia kitu kilichotupwa, akakishika na kukirudisha kwa mtu. Kinachobaki cha kutazamwa ni wazazi wenyewe, na wazazi ndio mnunuzi wa jirani anaoweza kuwaona. Shirika la Working Dogs for Conservation la Marekani, lililoshirikiana na Grumeti kuanzisha kile kitengo cha Serengeti, linajulikana kwa kuchukua mbwa kutoka kwenye makazi ya mbwa waliotelekezwa, wengine wakiwa chotara wasiojulikana baba. Linawachuja mbwa wengi ili kumpata mmoja, na kuchuja huko kunatazama mwenendo wa mbwa bila kujali cheti cha ukoo.

Hoja ya pili ndiyo inayosikika zaidi vijijini: mbwa akizoeshwa watu ataharibika, hatalinda. Wapo wanaomfunga mtoto wa mbwa gizani, wanampa pilipili, wanawakataza watoto kumgusa, wakiamini ukali unapatikana hivyo. Kinachopatikana ni woga. Mbwa mwoga hung'ata anapobanwa na hukimbia anapokabiliwa, na ni huyohuyo anayemng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto. Mtihani wa ulinzi katika michezo unadai kinyume chake: mbwa amzuie mtu kwa amri, aachie kwa amri, kisha atembee katikati ya watu bila kuwagusa. Mbwa wa namna hiyo hutokana na yule anayewajua watu vya kutosha kutofautisha mgeni anayepita na mtu anayeshambulia. Zaidi ya hayo, kumtesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na yeyote anayefikiri mafunzo haya ni njia ya kuandaa mbwa wa mawindo kuelekea pori la akiba la Moyowosi akumbuke kwamba kuwinda bila kibali ni kosa, uwe na mbwa au usiwe naye.

Hoja ya tatu inanipa kazi zaidi kwa sababu ina ukweli mchungu ndani yake: ukimtembeza mtoto wa mbwa kila mahali kabla chanjo hazijakamilika, atakufa. Parvo, ugonjwa uliotokea duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, huua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuharisha damu ndani ya siku chache, na virusi vyake hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Homa ya mbwa, yaani distempa, ilitoka kwa mbwa wa vijiji ikaingia Serengeti mwaka 1994 na kuua karibu theluthi moja ya simba wa hifadhi ile. Kinga aliyoipata mtoto kwenye maziwa ya mama huzuia chanjo isishike, na hupungua kwa kasi tofauti kwa kila mtoto, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 kuanzia wiki ya 6 au ya 8 mpaka afikishe wiki 16. Ukingoja mpaka wiki ya 16 ndipo umtoe nje, umeokoa mwili na kupoteza mwenendo. Wataalamu wa tabia za wanyama wa Marekani walilitazama tatizo hili mwaka 2008, wakashauri mtoto aanze kukutana na dunia akiwa na wiki 7 au 8, angalau siku 7 baada ya chanjo ya kwanza, akiepushwa na mahali penye mbwa wagonjwa. Manyovu hilo linatekelezeka kwa njia rahisi: abebwe. Mtoto wa mbwa anayepitishwa sokoni ndani ya kikapu husikia na kunusa kila kitu bila kukanyaga udongo ambao mbwa wote wa mnada wamekojolea.

Lakini chanjo yenyewe inabidi iwe imepatikana, na hapo maandalizi ya mlimani yanatofautiana na ya mjini. Chanjo ya parvo na distempa huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo aulizwe ofisa mifugo wa kata, au duka la dawa za mifugo Kasulu au Kigoma mjini, wiki kadhaa kabla, na iletwe kwenye chombo chenye barafu kupitia barabara ya lami ya Mwandiga hadi Manyovu. Ikiwezekana ichangiwe na wenye watoto wote wa uzao mmoja. Ya kichaa cha mbwa ina unafuu kidogo: utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chanjo mojawapo inayotumika sana ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi 6 kwenye nyuzi joto 25. Kwa kawaida hutolewa mbwa akiwa na miezi mitatu, ingawa katika kampeni za halaiki Shirika la Afya Duniani linashauri hata walio chini ya umri huo wachanjwe. Chanjo ya kichaa haina mjadala kwangu. Mbwa wa michezo hushikana na watu wengi, na kichaa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakuna tiba. Minyoo nayo hupita kutoka tumboni mwa mama na kwenye maziwa, hivyo dawa huanza mtoto akiwa na wiki 2 na kurudiwa kila wiki 2 mpaka wiki ya 8. Na anayeishi upande wa Kibondo, kuelekea mabonde ya Malagarasi na Moyowosi yenye mbung'o, ajue kwamba mbwa huugua ndorobo, ugonjwa unaoletwa na mbung'o hao, vibaya kuliko ng'ombe. Akiona jicho limefunga ukungu wa rangi ya samawati, mbwa anakonda na homa inapanda na kushuka, asingoje kesho kumwita daktari. Kwenye vilima vya Manyovu, vilivyolimwa karibu kila pembe, mbung'o hawasumbui hivyo. Kupe ndio adui wa huko.

Sasa nyumba yenyewe. Jambo la kwanza la kupanga ni nani atakayemfundisha, awe mtu mmoja, na kila amri iwe neno moja ambalo familia nzima inalijua, kwa sababu mbwa anayeitwa kwa Kiha asubuhi na kwa Kiswahili jioni hujifunza kupuuza vyote viwili. La pili ni majira. Mvua za Kigoma huanza mwishoni mwa Oktoba na kuendelea hadi Mei. Mtoto anayeletwa Novemba hufika wakati kila mikono iko kwenye jembe na hakuna anayekumbuka kumshika. Anayeletwa Juni hupata kiangazi, mashamba yaliyovunwa, watu wenye nafasi na kupe wachache. Ikiwa jike ataweza kupandwa kwa kupangwa, apandwe ili azae Aprili. La tatu ni majirani. Kigoma ina Waislamu wengi, na katika madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wao, kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye mbwa anawajibika kujenga banda mbali na njia ya msikitini na mbali na kisima, na kumfunga kamba anapopita palipo na watu waliotawadha. Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inaruhusu windo lililokamatwa na wanyama waliofundishwa, kwa hiyo mafunzo ya mbwa hayana ugomvi na dini. Ugomvi huletwa na mbwa aliyeachwa azurure.

Chakula kinaweza kuharibu yote yaliyotangulia. Ugali wa muhogo peke yake hujaza tumbo bila kujenga misuli wala mifupa. Ziwa Tanganyika limetupa dawa ya tatizo hilo: dagaa wakavu wasiotiwa chumvi, wakisagwa pamoja na mifupa yao na kuchanganywa kwenye uji mzito, humpa mtoto wa mbwa protini na chokaa kwa bei ndogo. Matumbo ya machinjioni yachemshwe sana kabla ya kumpa, kwa sababu yakiwa mabichi huleta minyoo ya tegu inayomrudia binadamu. Na ule utaratibu wa kumtupia mbwa mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu watu hawayawezi ukome. Sumukuvu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 humuua mbwa kwa njia ileile, kupitia ini. Mtoto anayekua asinenepeshwe, na asirushwe viunzi virefu wala kukimbizwa nyuma ya pikipiki kabla ya mwaka mmoja, kwa mbwa mkubwa hata miezi 18, maana ncha za mifupa yake bado ni laini, na kiungo kilichoumia wakati huo hakiponi sawasawa. Miezi hiyo ya kungoja ni ya pua: anafichiwa kipande cha nyama chini ya kila unyayo, hatua kumi, baadaye ishirini, baadaye njia yenye kona.

Itabaki hoja ya umaskini, kwamba katika wilaya zenye mahitaji mengi kama hizi mbwa wa michezo ni anasa. Ingekuwa kweli kama njia ingekuwa ile ya kununua mbali. Njia ninayoitetea inagharimu dawa za minyoo, chanjo, dagaa na muda wa mtu mmoja, na karibu vyote hivyo mbwa yeyote wa mlangoni anavihitaji. Kaya ambayo mbwa wake amechanjwa na anatii inapunguza hatari ya kichaa kwa kijiji kizima, hata kama mbwa huyo hatashinda chochote. Tena si kila mtoto atafaa. Katika uzao wa watoto sita huenda mmoja au wawili wakaonyesha hamu ya kweli ya kutafuta. Hilo huonekana wazi kufikia miezi sita, na waliosalia wawe mbwa wa nyumbani waliolelewa vizuri.

Ili kazi hii isiishie kwa mbwa mmoja, panahitajika daftari. Kila uzao uandikiwe jike na dume, tarehe ya kuzaliwa, wiki ambayo watoto walianza kushikwa, umri wa kuondoka, chanjo, alivyofanya kila mmoja alipotupiwa kitambaa akiwa na wiki 8, na anavyofuata nyayo akiwa na miezi 6 na mwaka mmoja. Wafugaji watano kati ya Manyovu na Kasulu wakiandika hivyo kwa uzao mara tatu mfululizo, watakuwa na taarifa za damu ya mbwa wao kuliko muuzaji yeyote wa mjini anavyoweza kuwapa. Na waandike kwa uangalifu uleule habari za mbwa walioshindwa, kwani hao ndio watakaoonyesha ni jike gani asipandwe tena.